Umelipa Pesa Ukalitafute Jua?

Nilimpigia mama simu siku ya pili, nimekaa kwenye ukuta wa ufukweni Puerto del Carmen, viatu mkononi. Hata salamu hazijaisha akauliza niko wapi, maana upepo ulikuwa ukivuma mpaka ndani ya simu. Nikamwambia niko Lanzarote, kisiwa cha Uhispania katika Visiwa vya Kanari, tumekuja kupumzika wiki moja na watoto. Akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Mwanangu, umelipa pesa ukalitafute jua?"

Mama ni mtu wa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, na kwake jua ni kitu cha kukwepa. Amelima mwani tangu kilimo hicho kilipoingia kwetu mwishoni mwa miaka ya 1980. Maji yakipwa anateremka pwani na kanga mbili, moja kiunoni na moja kichwani, na anarudi mgongo umekauka chumvi. Watalii waliokuwa wakilala mchangani saa sita mchana aliwaonea huruma ya kweli, akidhani kwao hawana vivuli. Mimi nami niliwaona hivyo hivyo. Nilifanya kazi ya usafi wa vyumba katika hoteli moja ya huko kwetu kwa miaka minne, vyumba kumi na vinne kwa siku, na kila nikikung'uta mchanga kwenye mashuka nilijiuliza hawa watu wanakuja kutafuta nini.

Jibu nililipata Leeds, na ilinichukua majira matano ya baridi kulipata.

Asiyeishi kaskazini mwa Uingereza hawezi kuelewa kwa kuambiwa. Mwezi wa Disemba, saa kumi kasorobo alasiri, jua limeshazama. Nikiwa zamu ya mchana naingia kazini giza halijatoka vizuri, na nikitoka giza limesharudi. Baridi yenyewe unaizoea, unanunua koti zuri, yamekwisha. Mwanga ndio unaokosekana, na ukikosekana mwili unajua kabla ya akili. Nilianza kuumwa mifupa, kuchoka bila sababu, kulia bafuni kwa jambo dogo. Daktari akapima damu akanambia vitamini D imeshuka sana. Akanieleza kwamba sisi wenye ngozi nyeusi tunaoishi nchi za mawingu tunashauriwa kumeza kidonge chake mwaka mzima, si majira ya baridi tu. Nawaambia ndugu zangu mlioko Ulaya: msipuuze. Miaka minne mimi sikuijua habari hii.

Nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na pale ndipo jina la Lanzarote niliposikia mara ya kwanza. Bibi mmoja niliyekuwa nikimwogesha asubuhi alikwenda huko mara kumi na moja na marehemu mumewe. Nilitarajia anisimulie bahari. Yeye kila siku alirudia jambo moja: kukaa nje, mwezi wa pili, na kikombe cha chai, bila koti. Alikuwa akisema "bila koti" na mikono yake inafungua vifungo ambavyo havikuwepo. Nilimwona akifungua vifungo vile nikasema nitakwenda.

Tukapanga Februari 2025, wiki ya mapumziko ya skuli, siku chache kabla ya Ramadhani. Bei hupanda sana wiki hiyo kwa kuwa kila mzazi Uingereza anasafiri, lakini kuwatoa watoto skuli nje ya likizo kuna faini, kwa hiyo tukalipa. Ndege zinaruka moja kwa moja kutoka Leeds, saa nne na kidogo, na saa za huko ni zile zile za Uingereza.

Baba watoto na watoto wana paspoti za Uingereza, wao hawahitaji viza. Mimi bado natumia ya Tanzania, na bila viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, sifiki popote. Nitakaa kidogo hapa, maana nilikosea na sitaki mwingine akosee. Ada ni euro 90. Unatakiwa barua ya mwajiri, taarifa za benki, tiketi, mahali utakapolala, na bima ya safari inayogharamia matibabu yasiyopungua euro 30,000. Bima ninayo, nikajivunia, nikaenda kwenye miadi yangu asubuhi na mapema. Yule dada wa dirishani akaipitia mara mbili, akaweka kidole kwenye tarehe. Nilikuwa nimenunua bima inayoanza siku moja baada ya siku ya kuruka. Siku moja tu. Ikabidi nirudi, ninunue nyingine, nitafute miadi mpya, na miadi huwa imejaa wiki nyingi mbele. Maombi yanaruhusiwa kupelekwa mpaka miezi sita kabla ya safari. Ipelekeni mapema, na msome kila tarehe kwa sauti, mwenzenu mmoja akisikiliza. Viza ilitoka zimebaki siku tisa.

Sasa kisiwa chenyewe.

Nilivunjika moyo. Nasema kweli, dakika kumi za kwanza kutoka uwanja wa ndege nilitamani kulia. Nilikuwa na picha ya minazi kichwani, na nje ya dirisha ardhi ilikuwa nyeusi, mawe meusi yamevurugika kama shamba lililolimwa na jitu likaachwa, na milima mikavu myekundu isiyo na mti hata mmoja. Binti yangu wa miaka mitano akauliza, "Mama, hapa pameungua?"

Kumbe alisema sawa kabisa. Tarehe 1 Septemba 1730 ardhi ilipasuka upande wa magharibi ikaanza kumwaga moto, na haikutulia mpaka Aprili 1736. Karibu miaka sita. Robo ya kisiwa ilifunikwa, vijiji vikazikwa, mashamba bora ya nafaka yakaishia chini ya mawe. Kasisi wa kijiji cha Yaiza, Andrés Lorenzo Curbelo, alikuwa akiandika aliyoyaona, na maandishi yake ndiyo yaliyotufikisha sisi wa leo kwenye usiku ule wa kwanza. Sehemu iliyoungua zaidi, Timanfaya, ni hifadhi ya taifa tangu 1974. Huruhusiwi kutembea ovyo mle. Unapanda basi lao linalopita polepole kati ya mashimo ya volkano. Kabla ya basi, mfanyakazi mmoja alimwaga ndoo ya maji kwenye bomba lililozamishwa ardhini. Tukahesabu moja, mbili, na maji yakarudi juu kwa mshindo kama yametemwa. Mwanangu wa kiume aliruka nyuma akanikanyaga. Chini ya miguu yetu, mita chache tu, joto kali bado lipo, na mgahawa wa pale unachoma kuku kwa joto hilo, juu ya shimo kama kisima.

Na bahari? Bahari ilinipiga kofi. Mtu wa Jambiani anaingia majini bila kufikiri, na mimi niliingia hivyo na nguo yangu ndefu ya kuogelea, nikatoka nikipiga kelele. Mwezi wa pili maji yale ni nyuzi 18 au 19, wakati yetu hayateremki chini ya 25. Mkondo wa bahari unatoka kaskazini na kushuka kando ya Afrika, na unakuja na baridi yake. Upepo nao unatoka huko huko, kaskazini mashariki, mwaka mzima kwa kupokezana nguvu. Nilipousikia usoni nilijua jina lake bila kuambiwa: kaskazi. Wao wanauita alisio. Ni upepo huo unaofanya joto la huko livumilike, nyuzi 21 hivi mchana wa Februari, wala kiangazi hakiunguzi kama Uhispania ya bara. Lakini unadanganya. Unakupoza huku jua linafanya kazi yake. Baba watoto alikataa mafuta ya kukinga jua, akasema sisi weusi hatuungui. Jumatatu usiku alilala kifudifudi, ngozi ya mabega imeiva, na wiki iliyofuata ilimbanduka kama ganda la kitunguu. Tunaungua. Hasa baada ya miezi sita ya kuishi ndani ya makoti.

Asubuhi ya tatu niliamka kabla ya wenzangu, nikatoka roshanini na chai. Jua lilichomoza saa moja na nusu hivi nyuma ya bahari. Sikuwa na koti. Nilikaa pale mpaka chai ikapoa, nikiwa nimefumba macho, na jua likiingia kwenye kope likafanya ile rangi ya chungwa niliyokuwa nikiiona utotoni nikilala ukumbini baada ya chuo. Mwili ulilegea kuanzia shingoni. Nilijikuta nikimwombea yule bibi.

Basi, kama kingekuwa ni jua tu, simulizi ingeishia hapo, maana jua la kukaa roshanini lipo kwenye visiwa vyote vya upande ule. Siku iliyofuata tulikodi gari tukatoka hotelini, na hapo ndipo nilipoanza kuona kitu ambacho sikukijua jina.

Nyumba zote nyeupe. Vijijini, mjini, pwani, nyeupe, na madirisha na milango ya kijani, mingine ya buluu karibu na bahari. Hakuna ghorofa ndefu. Hakuna mabango ya biashara barabarani, hata moja. Tuliendesha kutoka Yaiza mpaka Haría kwenye bonde la mitende, karibu urefu wote wa kisiwa, na hakuna soda wala simu wala benki iliyonipigia kelele njiani. Kisiwa chenyewe ni kama nusu ya Unguja, na kinapokea wageni zaidi ya milioni tatu kwa mwaka. Milioni tatu! Nikawa najiuliza wamewaficha wapi.

Jibu ni mtu mmoja, na watu waliokubali kumsikiliza. César Manrique alizaliwa Arrecife, mji mkuu wa kisiwa, mwaka 1919. Alikuwa mchoraji, akaishi New York katikati ya miaka ya 1960, akarudi kwao wakati ndege za watalii ndiyo kwanza zinaanza kuja. Aliona pwani nyingine za Uhispania zinavyojazwa maghorofa. Rafiki yake, José Ramírez, ndiye aliyekuwa akiongoza halmashauri ya kisiwa, na wawili hao wakashikamana. Manrique akawa anazunguka vijijini kuwaambia watu nyumba zenu mnazoziona za kimasikini ndizo utajiri wenu, msizibomoe, zipakeni chokaa. Jengo lisizidi urefu wa mtende. Arrecife lipo moja tu lililoponyoka, hoteli ya ghorofa 17, na ukiliona lilivyosimama peke yake unaelewa yeye alikuwa anaogopa nini.

Niliingia kwenye kazi yake moja inayoitwa Jameos del Agua. Ni pango lililochimbwa na mto wa lava zamani sana, paa lake limeporomoka sehemu kadhaa, na katikati kuna ziwa la maji ya bahari yanayopanda na kushuka kwa kujaa na kupwa ingawa bahari huioni. Ndani ya ziwa wanaishi kaa wadogo weupe, vipofu, wadogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho. Mwanzoni nilidhani ni punje za mchele zimeanguka majini. Kisha punje moja ikatembea. Kuna tangazo la kukataza kutupa sarafu, kwa kuwa chuma kikioza kinawaua. Nilisimama pale muda mrefu. Mamilioni ya watu wanapita kando ya ziwa lile, na mradi mzima umepangwa ili kaa asiyeona asiumie.

Manrique alikufa Septemba 1992 kwa ajali ya gari, karibu na iliyokuwa nyumba yake pale Tahíche, nyumba aliyoijenga ndani ya mapovu ya lava. Mwaka uliofuata UNESCO ikakitangaza kisiwa kizima kuwa hifadhi ya viumbe hai. Si kwamba vita vilikwisha. Hoteli nyingi zilijengwa zaidi ya alivyotaka, yeye mwenyewe alikuwa akizipinga hadharani mpaka mwisho, na baadaye mahakama zilibatilisha vibali vya baadhi yake. Lakini mwaka 1991 walikuwa na mpango wa kisiwa uliosema vitanda vya wageni visizidi kiasi fulani. Kiasi fulani! Kwetu sijawahi kumsikia kiongozi akitaja kiasi. Kwetu husemwa tu waongezeke. Nilipokuwa nikifanya kazi hotelini kule kwetu, bwawa la kuogelea lilijaa mpaka linafurika, na nyuma ya ukuta visima vya kijiji vilikuwa vimeanza kuonja chumvi. Mama alikuwa akituma watoto na madumu mbali zaidi kila mwaka. Lanzarote mvua ni kidogo mno, haifiki hata milimita 150 kwa mwaka, ambayo kwetu ni mvua ya siku chache za masika. Zamani walikuwa wakiletewa maji kwa meli kutoka visiwa vingine. Katikati ya miaka ya 1960 wakajenga mtambo wa kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari, na mpaka leo karibu maji yote ya bombani ni ya bahari yaliyoondolewa chumvi. Wageni walipoanza kujaa, maji yao yalikuwa yamekwishatafutwa.

Lakini kitu nilichokipenda kuliko vyote ni mashimo.

Kuna sehemu inaitwa La Geria. Baada ya moto ule wa 1730 watu walirudi wakakuta mashamba yamelala chini ya changarawe nyeusi, nyepesi kama maganda ya karanga; wao huiita picón. Wakachimba. Shimo moja baada ya jingine, mengine yanafika mita tatu kwenda chini, mpaka wakaukuta udongo wa zamani, na katika kila shimo wakapanda mzabibu mmoja. Mmoja tu. Pembeni ya kila shimo wakapanga mawe, bila saruji, nusu duara, kukinga upepo. Ukisimama barabarani unaona maelfu ya nusu duara hizo zinapanda mlima.

Mvinyo siugusi, na sikwenda kuonja. Nilikwenda kutazama shimo. Mwenye shamba mmoja alituruhusu kushuka kwenye la pembezoni. Mzabibu ulikuwa mkavu kama ukuni, umepogolewa, macho ya majani ndiyo kwanza yanafumbuka. Nikapiga magoti nikaingiza mkono kwenye picón. Juu ilikuwa kavu na vuguvugu. Nikasukuma zaidi, kidole, vidole viwili, na kwenye kifundo cha mkono nikahisi unyevu, ubaridi mdogo kama wa mtungi. Miezi mvua haijanyesha. Yule mzee akacheka kwa jinsi nilivyomtazama. Akaeleza kwa mikono: usiku hewa inaleta umande, picón inaunywa, mchana jua linapiga, picón inaufunika usitoke. Vile vile tu. Kile kilichozika mashamba yao ndicho kinachowalisha. Niliusahau mkono wangu mle ndani mpaka mtoto akaniuliza kama umenasa.

Chakula nacho kilinirudisha nyumbani bila kutegemea. Viazi vidogo vinachemshwa na maganda kwenye maji ya chumvi nyingi mpaka ngozi inakunjamana na kubaki na ukungu mweupe wa chumvi, unakula na mojo, sosi ya pilipili nyekundu, kitunguu saumu, bizari nyembamba na siki. Nyingine ya kijani ya kotimiri. Halafu kuna gofio, unga wa nafaka iliyokaangwa kabla ya kusagwa, chakula cha wenyeji wa visiwa vile tangu kabla ya Wahispania kufika. Wanausonga kwenye mchuzi wa samaki. Mwanangu alionja akasema, "Ugali!" kwa sauti mpaka meza ya jirani wakageuka. Na samaki wanayemheshimu kuliko wote, wanayemwita vieja, nilipoletewa sahani nilimtambua kwa mdomo wake: pono. Si yule wetu hasa, ni ndugu yake, lakini mdomo ni ule ule wa kasuku. Kwa Waislamu wenzangu: nguruwe yupo kila mahali, hata kwenye maharage na supu, kwa hiyo ulizeni kila sahani, "sin cerdo", bila nguruwe. Samaki ndiye salama yenu, na ni samaki mzuri.

Siku ya nne mbingu iligeuka rangi ya manjano. Vumbi la Sahara. Wanaita calima, na Februari 2020 lilikuja kubwa mpaka viwanja vya ndege vya visiwa vile vikafungwa. La kwetu lilikuwa dogo, kutwa moja tu, midomo ina ladha ya udongo. Lilinikumbusha tulipo. Bendera ni ya Uhispania, sarafu ni euro, lakini Afrika iko kilomita 125 hivi upande wa mashariki.

Kesho yake tulikuwa Arrecife. Tulitaka kuwaonyesha watoto ngalawa za wavuvi kwenye ghuba ndogo ya katikati ya mji, kisha tukatembea kuelekea bandarini. Gatini walikaa watu kama arobaini, chini kwenye saruji, wamejifunika mablanketi, na vijana wa Msalaba Mwekundu wakiwagawia maji. Vijana wengi. Mwanamke mmoja alikuwa na mtoto mgongoni aliyefungwa vile vile mama alivyokuwa akinifunga mimi. Mwaka 2024 watu zaidi ya 46,000 walifika visiwa vile kwa boti kutoka Afrika, na wengine wengi hawakufika. Nilikuwa nimevaa miwani ya jua. Niliivua. Kijana mmoja aliinua macho tukatazamana, na mimi, niliyeona uchungu kwa sababu ya tarehe ya bima, sikupata pa kuyaweka macho yangu. Baba watoto akasema chini chini, "Alhamdulillahi, wamefika." Usiku ule watoto waliuliza kwa nini wale hawakuja kwa ndege. Tuliwajibu kweli, kadiri ya umri wao, na ilichukua muda mrefu.

Sijajua namna ya kuliweka hilo ndani ya likizo. Naliandika kwa kuwa nililiona.

Kuna na mwingine niliyemwona. Ghorofani kwetu kulikuwa na dada aliyesafisha vyumba, wa makamo, nywele zimefungwa kwa kitambaa. Mimi siwezi kuacha kitanda bila kutandikwa, mkono umezoea. Siku ya tatu aliingia nikiwepo, akaona pembe za shuka nilivyozikunja, akainama akazigusa kwa kidole. Akanitazama. Nikajipiga kifua nikasema, "Hotel. Zanzibar. Yo." Akaweka mkono kiunoni akafanya uso wa maumivu, nami nikaweka mkono pale pale kwenye kiuno changu, tukacheka mpaka tukashikana mikono. Baadaye tulizungumza kwa programu ya kutafsiri ya simu. Alitoka Kolombia. Anapanda guagua, ndivyo wanavyoliita basi, kutoka Arrecife kabla ya alfajiri. Anaishi chumba kimoja na wenzake wawili, kwa sababu nyumba nyingi zimegeuzwa za kupangisha watalii na kodi imepanda kuliko mshahara. Aliniambia tarehe 20 Aprili 2024 alikwenda kuandamana na maelfu wengine. Siku hiyo visiwa vyote viliandamana, na mabango yalisema visiwa vina kikomo. Hawakuwa wakiwafukuza wageni, alisema. Walitaka pa kuishi.

Kwa hiyo nikiulizwa, na rafiki zangu wa Leeds wananiuliza, nasema nendeni. Mwili wangu ulipona kitu pale ambacho vidonge havikukifikia. Lakini tokeni hotelini. Kuleni kwa watu wa vijijini, pandeni guagua, tandikeni vitanda vyenu na muache kitu kidogo juu ya mto kwa anayesafisha. Na msichukue mawe. Mwanangu aliokota jiwe jeusi lenye punje za kijani, zuri ajabu, akalificha kwenye soksi. Sheria inakataza, na uwanja wa ndege wanawanyang'anya watu. Nilimwambia milioni tatu wakichukua moja moja. Akahesabu kimoyomoyo, akarudi mpaka mawimbini, akaliweka taratibu badala ya kulitupa.

Jumamosi jioni tulirudi Leeds, mvua inanyesha. Jumapili nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeshiba jua?"

Nikamwambia nimeshiba. Nikamsimulia viazi, nikamsimulia kaa vipofu, akawa anaitikia tu eeh, eeh. Nilipofika kwenye mashimo akanikatiza. Kwetu Jambiani, nyuma ya kijiji, ardhi ni maweni, jabali la matumbawe tupu, na watu hupanda muhogo na mtama kwenye vitobo vya udongo kati ya mawe. Mama ana vitobo vyake, anavijua kimoja kimoja.

"Hebu rudia," akasema. "Shimo linakwenda chini kiasi gani?"

"Kuna yanayomzidi mtu kimo."

"Na mmea mmoja tu?"

"Mmoja tu, mama."

"Na yale mawe wanayapanga upande gani?"

"Upande upepo unakotoka."

Nikamsikia anavuta kigoda, anakaa.

"Kaskazi," akasema.

"Eeh mama. Kaskazi."